Mtaa wa Ngazi

Mlinzi wa geti hakumtazama Shangazi usoni. Alimtazama miguuni. Alianza na mguu wa kulia, uliokuwa mguu kama miguu yote, akahamia wa kushoto, uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, kisha akanyoosha kidole kwenye benchi lililokuwa nje ya ukuta, pembeni ya mapipa ya taka.

"Mama akapumzike pale," alisema. "Wanaosubiri hukaa pale."

"Hasubiri mtu," Fundi alimjibu. "Amekuja kuona nyumba nitakayohamia nikishaolewa. Ghorofa ya nne. Mchumba wangu yuko juu na dada yake."

"Ya nne?" Mlinzi alijikuna kidevu. "Dada yangu, jengo hili halina lifti. Mimi mwenyewe nikipandisha maji huko, nikishuka miguu inanidai talaka."

"Basi mimi na huu mguu wangu tumeoana zamani," Shangazi alisema, "na hauna pa kwenda. Fungua geti, mwanangu."

Mlinzi akacheka, akafungua. Fundi hakucheka. Tangu waliposhuka basini alikuwa akijizuia kusema. Basi liliwaacha chini kabisa, kwenye barabara kuu, kwa kuwa mtaa ule haukutaka mabasi. Wakapanda kilima kwa miguu, mkono wa Shangazi ukiwa begani mwake, wakipita kuta ndefu na mageti meusi na mbwa wanaobweka bila kuonekana. Hapakuwa na duka, wala kibanda, wala mtu aliyeketi nje akipunga hewa. Kila waliposimama kuvuta pumzi, Fundi alijiambia: labda ni mbele kidogo. Labda kuna njia nyingine. Hawezi kuwa amechagua hapa. Ananijua.

Na kweli alimjua. Ndiyo maana hasira ilikuwa ikimpanda polepole, kama maziwa jikoni.

Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Katika mji mdogo alikotoka aliitwa Fundi, na kila mwenye mguu wenye kasoro aliujua mlango wake. Alishona viatu vya watu ambao maduka yaliwasahau: aliyezaliwa na wayo uliogeuka, aliyepooza utotoni, aliyekatwa vidole kwa ugonjwa wa sukari, aliyevunjika paja likaunga fupi. Kiatu cha kwanza alichoshona maishani mwake, kwa ngozi ya mkoba uliochakaa, kilikuwa cha Shangazi huyu, aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni.

Mchumba wake naye aliingia kwa mlango huo huo. Alikuwa fundi wa minara ya simu, mrefu, mwembamba, mwenye utani, na wenzake walimwita Mnara kwa yote mawili, kazi na urefu. Alianguka kazini, mguu wa kushoto ukaunga mfupi kuliko mwenzake, akaja kwa Fundi akijikongoja kwa magongo, amenuna, akisema maisha yake yamekwisha. Fundi aliushika mguu ule kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku, wala hakumwonea huruma.

"Maisha gani yamekwisha?" alimwuliza. "Kilichokwisha ni upana wa vidole vitatu tu."

Kiatu alichomshonea kilikuwa na soli iliyoinuliwa kwa ndani, ikafichwa kwa ngozi hata mtazamaji asione kitu. Siku alipokivaa alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena, halafu akaketi kwenye kigoda akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo hakupita wiki bila kuleta kiatu chake "kiangaliwe," ingawa hakikuwa na tatizo lolote. Shangazi ndiye aliyemwambia mwishowe, "Baba, kiatu ni kizima. Kama kinachouma ni kitu kingine, sema."

Akasema. Wakachumbiana. Akarudi kupanda minara yake.

Kampuni ilipomhamishia jiji hili kubwa, harusi ikiwa karibu, alitangulia kutafuta nyumba. Fundi alimwomba jambo moja tu: "Nitafutie mtaa wa tambarare, na chumba cha mbele, cha chini, mlango uguse barabara. Wateja wangu unawajua." Naye alijibu kwenye simu kwa sauti iliyojaa asali: "Niachie mimi. Nitakushangaza."

Kweli alimshangaza.

Ngazi zilikuwa za saruji iliyong'arishwa, zinateleza, na chuma cha kushikilia kilikuwa upande mmoja tu, upande usiomfaa Shangazi. Ghorofa ya kwanza walifika wanacheka. Ya pili walifika kimya. Hapo Shangazi aliketi kwenye ngazi, jasho likimtiririka shingoni, akaunyoosha mguu wake mbele yake kama mzigo aliochoka kuubeba.

"Nenda, mwanangu. Ukikuta malaika huko juu, waambie nilijitahidi."

"Nani huyo amekaa kwenye ngazi?" sauti ilishuka kutoka juu. "Majirani watapita wapi?"

Alikuwa dada mkubwa wa Mnara, ameinama kwenye chuma cha ghorofa ya tatu, bangili zikilia mkononi. Ndiye aliyemlea Mnara baada ya wazazi wao kufariki, akaolewa na mtu mwenye cheo, akahamia mtaa huu, jengo la jirani, ambako Mnara alikuwa amefikia kwa muda. Tangu uchumba utangazwe hakuwahi kumtaja Fundi ila kwa kusema "yule binti wa viatu."

"Shikamoo, wifi," Fundi alisema.

"Marahaba. Huyo ni nani?"

"Shangazi yangu. Aliyenilea."

"Ah! Pole sana, mama. Lakini hapo kwenye ngazi si vizuri, mtaa huu una watu wake. Mlinzi! Hebu njoo umshushe mama akakae kwenye benchi!"

"Atakaa hapa hapa," Fundi alisema.

Shangazi alimshika mkono. "Mtu mzima hagombanii ngazi," alinong'ona. "Kaione nyumba yako. Nimeshakaa kwenye mabenchi mabaya kuliko hilo." Alisimama mwenyewe, akaanza kushuka kabla mlinzi hajafika. Lakini safari hii, Fundi aliona, hakutia utani wowote.

Mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi. Mnara alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu, shati limepigwa pasi, na alipomwona Fundi uso wake wote uling'aa. Walikuwa hawajaonana tangu ahamie huku. Kwa kitambo walitazamana tu, na hasira ya Fundi ikasahau ilikokuwa inaelekea. Aliona amekonda. Aliona kovu jipya kwenye kidole. Alitamani kulishika.

"Fumba macho," Mnara alisema.

"Mnara, Shangazi yuko..."

"Kidogo tu. Nakuomba."

Akamfumba kwa viganja vyake, akamwongoza hatua kwa hatua, na Fundi akasikia harufu yake ile ile, sabuni na chuma kilichopigwa na jua. Viganja vilipoondoka, mbele yake palikuwa na dirisha kubwa, na ndani ya dirisha jiji zima: mapaa, barabara, magari madogo kama mbegu, na mbali kabisa, mnara mwembamba uliosimama peke yake angani.

"Ule pale ndio wangu," Mnara alimwambia sikioni. "Nikiwa kule juu huwa natazama huku na kule nasema, laiti angekuwepo akaona ninachokiona. Nikazunguka mitaa yote. Nikasema sitachukua nyumba mpaka nipate yenye dirisha la namna hii."

Moyo wa Fundi ukalainika kama nta. Ni wanawake wangapi duniani waliochaguliwa dirisha? Akaegemea kifua chake kidogo, kidogo tu kwa sababu wifi yake alikuwa ameingia na kusimama nyuma yao.

"Pazuri," alisema polepole. "Pazuri sana. Mashine yangu ya kushonea ngozi itakaa wapi?"

Kaka na dada wakatazamana.

"Tutaongea," Mnara alisema.

"Hakuna cha kuongea," dada yake alidakia. "Wifi, mtaa huu si wa biashara. Mwenye jengo hataki kusikia nyundo wala harufu ya gundi, alishatwambia mapema. Na kwani huoni ni bahati yako? Mume wako ana kazi nzuri. Utapumzika. Mwanamke wa huku hashindi anashika miguu ya watu."

"Na wateja wangu?"

"Wateja gani, wale viwete?" Hakuona kama ametukana. Alisema kama mtu anayetaja viazi. "Kama lazima waje, wamalize shida zao chini kwa mlinzi, benchi lipo. Wasipande tu humu. Kesho watu watasema nyumba ya mdogo wangu imegeuzwa zahanati."

Fundi aligeuka akamtazama Mnara, akangoja. Neno moja tu lingemtosha. Hata kukohoa. Mnara alitazama sakafu, akatazama dirisha, akaingiza mikono mifukoni.

Kimya kile kilimchoma Fundi kuliko tusi.

"Ulijua," alisema. "Ulijua kuwa hapa sitafanya kazi."

"Nilifikiri baadaye tungetafuta chumba kingine, mahali, cha kazi..."

"Ulifikiri na nani?"

"Fundi..."

"Nakuuliza, ulifikiri na nani? Maana mimi hukufikiri nami! Nilikuomba kitu kimoja. Sikuomba sakafu ya kung'aa. Sikuomba mtaa wenye jina. Nilikuomba mlango uguse barabara, ukasema nikuachie wewe. Nimekuachia. Shangazi yangu sasa hivi amekaa kando ya mapipa ya taka!"

"Sikujua kama amekuja! Ningemshukia..."

"Leo ungemshukia. Na kesho? Na wengine? Yule mama mwenye wayo uliogeuka, uliyekuwa ukimpisha kigoda kwangu, utambeba mgongoni mpaka huku?"

Mnara naye alipandwa. "Mimi nimehangaika na jua la mji huu nikitafuta nyumba hii! Nimeitafuta kwa mapenzi! Sasa kosa langu ni ngazi? Ngazi ni ngazi tu, Fundi, mimi nazipanda kila siku bila hata..."

Akanyamaza. Lakini alikuwa amechelewa.

"Malizia," Fundi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unazipanda bila hata kuzihisi. Unajua ni kwa nini huzihisi? Mguu huo niliushika mimi. Soli hiyo niliikata mimi, nikaichonga, nikaifunika vizuri mpaka wewe mwenyewe ukasahau kilichomo ndani. Kazi yangu imekufaa mpaka umeiona haina maana! Vua."

"Nivue nini?"

"Kiatu. Vua, ushuke ukamchukue Shangazi, mpande naye mpaka hapa. Ukifika, nitaleta mizigo yangu leo leo na sitasema neno tena."

"Ala!" Bangili za wifi zililia zote kwa pamoja. "Una wazimu wewe binti? Usithubutu, mdogo wangu! Jengo zima linakujua ni mzima, na hivyo ndivyo nilivyowaambia!"

Mlango ulikuwa bado wazi. Jirani mmoja alikuwa akipita na kikapu, akatazama ndani, akasalimia kwa kichwa. Mnara alimwitikia kwa tabasamu la haraka. Kisha akamwambia Fundi kwa sauti ndogo, bila kumtazama machoni:

"Si hapa, Fundi. Nakuomba. Si hapa."

"Sawa," Fundi alisema. "Basi na mimi si hapa."

Akatoka. Alisikia jina lake likiitwa, akasikia na wifi yake akisema "mwache, atarudi mwenyewe, ataenda wapi," na maneno hayo ndiyo yaliyomshusha ngazi mbio kuliko ambavyo angeshuka akifukuzwa na nyuki.

Shangazi alikuwa kwenye benchi, akipunga nzi kwa mtandio.

"Vipi nyumba?"

"Ina dirisha," Fundi alijibu.

"Na mwenye nyumba?"

"Yuko dirishani."

Shangazi aliinuka, akamwekea mkono begani. Wakashuka kilima. Njiani Fundi alilia, akafuta machozi, akalia tena, na kila alipofuta alipata neno jipya ambalo angepaswa kulisema kule juu. Alimwambia Shangazi yote. Alisema harusi haipo. Alisema ataishi na mashine yake mpaka azeeke. Alisema mwanaume anayemwonea haya mtu wa aina yake mwenyewe hafai hata kufungua mlango wa duka.

"Unampenda?" Shangazi aliuliza walipofika kituoni.

"Ndiyo maana nina hasira! Kama nisingempenda ningekuwa nimeshamsahau."

Kituoni palikuwa na dada mmoja mwenye gongo, amebeba kikapu cha mboga, anangoja basi. Hata katika machozi jicho la Fundi lilikwenda chini lenyewe, kama jicho la mshonaji linavyokwenda kwenye pindo.

"Samahani, dada," alisema huku akipenga kamasi. "Nani alikukatia soli hiyo?"

"Fundi mmoja tu. Kwani ina nini?"

"Inakusukuma nje. Nadhani jioni kiuno kinakuuma."

Yule dada akamtumbulia macho. "Wewe ni mganga?"

"Ni fundi viatu. Nilikuwa nahamia mji huu. Sijui tena." Kisha, kwa kuwa alikuwa na hasira na hasira haina aibu, akauliza swali ambalo aliona lingepaswa kuulizwa tangu mwanzo. "Wewe unakaa mtaa gani? Na kwa nini ulichagua huo?"

"Bondeni, nyuma ya hospitali kubwa. Nilichagua?" Akacheka. "Dada, mji huu una vilima kila upande. Bondeni ndiko pekee ninakoweza kwenda dukani nikarudi nikiwa na nguvu za kupika. Tumejaa huko, wenye magongo na wenye viti vya magurudumu. Watu wanasema ni mtaa wa makelele. Ni kweli, makelele yapo. Lakini makelele hayana ngazi."

Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono kusimamisha basi.

Mtaa wa bondeni haukuwa mzuri, na Fundi hakujidanganya kuwa ni mzuri. Pikipiki zilipiga honi bila sababu. Mtaro ulinuka kidogo. Redio mbili zilishindana pande mbili za barabara. Lakini barabara ilikuwa imelala kama mkeka, na kwenye nyumba anayoishi yule dada palikuwa na chumba cha mbele kilicho wazi, chenye mlango wa mbao uliofunguka moja kwa moja nje, usio na hata kizingiti.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani anakata vitunguu. Aliwatazama wageni kwa jicho moja, la pili likiwa limefumba kwa machozi ya vitunguu.

"Unakaa na nani?" aliuliza.

"Na mashine yangu."

"Mume?"

"Mume bado tunaongea."

"Hee. Mkiongea kwa kelele hapa hakuna atakayewasikia, redio zipo. Ingia uone."

Fundi akaingia. Mwanga ulitoka upande wa kushoto, upande mzuri kwa mkono wa kulia. Ukutani palikuwa na nafasi ya kutundika ngozi. Alitoa utepe wake wa kupimia kwenye mkoba, akaanza na mlango, aone kama kiti cha magurudumu kitapita bila kukwaruza vidole vya mtu. Peke yake ilikuwa kazi. Alipogeukia kimo cha ukuta wa pembeni ya mlango, utepe ulimponyoka kila alipoufikisha juu.

Kivuli kirefu kikaanguka mlangoni.

Hakugeuka. Hakuhitaji. "Nani amekuelekeza?" aliuliza.

"Mimi," Shangazi aliitikia kutoka uani, wala hakuona haya. "Nimempigia. Mtu akikukosea lazima ajue umekwenda wapi, la sivyo ataombaje msamaha?"

Fundi akageuka. Mnara alikuwa amelowa jasho, shati la pasi limekunjamana, kiatu cha kushoto kimefungwa kamba ovyo ovyo kama cha mtu aliyevaa akikimbia.

"Nilivua," alisema. "Mlipoondoka. Nilivua, nikashuka mpaka getini. Kupanda sikuweza. Ghorofa ya pili kiuno kilikataa, nikaketi pale pale. Mlinzi mpya wa zamu ya mchana akaja, hanijui. Akaniambia ngazi si mahali pa kukaa, niende kwenye benchi."

"Ukaenda?" Shangazi aliuliza kwa hamu.

"Nikaenda, Shangazi."

"Lina nzi, eh?"

Yule dada mwenye gongo akajifunika mdomo. Hata mama mwenye nyumba alicheka. Fundi hakucheka.

"Kwa hiyo mpaka uumie ndipo uamini," alisema. "Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu. Kwa Kiswahili. Hukuniamini mimi, umekiamini kiuno chako."

Mnara hakutafuta jibu la uongo. "Ndiyo," alisema.

"Na kilichoniuma si ngazi. Ngazi zimejengwa na watu nisiowajua. Kilichoniuma ni wewe kutazama sakafu. Shangazi yangu anatupwa nje, wateja wangu wanatukanwa, na wewe mikono mfukoni! Unaona haya. Umekuja kwangu miezi yote ile unasema unanipenda, kumbe unamwonea haya kila mtu niliyewahi kumshonea. Na mimi je? Mimi ninayewashika miguu, unanionea haya pia?"

"Hapana! Wallahi hapana."

"Basi nani anayeonewa haya?"

Kabla hajajibu simu yake ikaita. Alitazama jina, na Fundi alilijua bila kuliona. Mnara akageuka kutaka kutoka nje, barabarani kwenye makelele.

"Pokea hapa," Fundi alisema. "Hapa hapa, mbele yetu."

Akapokea. Hakuna aliyehitaji kutega sikio. Sauti ya dada yake ilikuwa ya kusikika mpaka kwa vitunguu.

"Uko wapi wewe? Mwenye jengo anataka jibu! Kuna watu wengine wanaitaka nyumba!"

"Dada, nakuheshimu. Umenilea. Lakini nyumba ile hatuichukui. Wape hao."

"Hatuichukui? Ni yule binti, siyo? Amekuloga? Mtakwenda kukaa wapi?"

"Bondeni. Nyuma ya hospitali."

"Bondeni!" Sauti ilizidi ukali. "Mdogo wangu, niliyekulea kwa shida zote zile, unakwenda kukaa na viwete?"

Kisu cha mama mwenye nyumba kilisimama katikati ya kitunguu. Yule dada mwenye gongo aliinamisha uso, si kwa haya, kwa mazoea ya kusikia neno lile. Shangazi alimtazama Mnara, na Fundi alimtazama Mnara, na safari hii Mnara hakuwa na sakafu ya kutazama wala dirisha. Aliwatazama wao, mmoja mmoja.

"Dada," alisema. "Mimi mwenyewe ni kiwete."

"Unasema nini? Nyamaza, watu watakusikia!"

"Wananisikia. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi, nilianguka, na natembea kwa sababu Fundi alinishonea kiatu. Waambie majirani wako. Au niambie siku, nije niwaambie mimi." Akangoja. "Nakupenda, dada. Karibu harusini. Shangazi yake atakaa mbele, karibu yako."

Akakata simu.

Mama mwenye nyumba akarudi kwa vitunguu vyake. "Sasa huyu ndiye yule mume unayeongea naye?" aliuliza bila kumwelekea mtu.

Hapana, Fundi hakumkimbilia kifuani. Hasira yake ilikuwa bado ya moto, na alikuwa na haki nayo, wala hakuwa tayari kuizima kwa sababu tu mtu mmoja amesema ukweli mchana mmoja. Angemwuliza tena kesho, na kesho kutwa, na yeye angejibu tena. Lakini kitu kilichokuwa kimembana kifuani tangu ghorofa ya nne kiliachia kidogo, akaweza kuvuta pumzi mpaka chini.

Akaokota utepe, akamnyooshea ncha moja.

"Shika hii. Weka chini kabisa, pale ukuta unapogusa sakafu."

Mnara akapiga magoti mlangoni, mrefu kama alivyo, akabana ncha ya utepe kwa kidole chenye kovu. Fundi akaupandisha upande wa juu. Walifanya kazi, Fundi juu na Mnara chini, pikipiki zikipita mgongoni kwa Mnara.

"Nakupenda," Mnara alisema kutoka pale sakafuni.

"Nimesikia," Fundi alisema. "Vuta utepe, umelegea."